Fundi Kivuli, Aliyeazima Vitu vya Watu Bila Kusema

Ndugu waombolezaji, mafundi wenzake marehemu, majirani wa karibu, pamoja na nyinyi mliokaa kule nyuma ambao sijawahi kuwaona na ambao baadaye nitaomba mnieleze mlimjuaje, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na wengi mnanifahamu kwa sababu nilisimama kwenye geti la kiwanda cha sabuni mpaka nikastaafu, kazi yangu ikiwa kupekua mifuko ya watu wakitoka. Familia imenichagua nisome historia hii, ingawa binti wa marehemu alipendekeza isomwe na mtu mwenye sura ya upole zaidi.

Niwaambie mapema kwamba kurasa za mwanzo niliziandika juzi, nikiwa na mashaka yangu, na ukurasa wa mwisho nimeuandika leo asubuhi, nikataka kuzichana zile za mwanzo, lakini shemeji yangu, mjane wa marehemu, ambaye sisi wote humwita Sauti na anayeishi karibu naye anajua kwa nini, alinishika mkono akasema, "Soma zote. Mtaa umeshiba minong'ono, sasa usikie na mwisho wake." Basi nasoma zote, kama zilivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya mabati nyuma ya karakana ya reli, baba yetu akiwa fundi wa kuchomelea vyuma na mama yetu akiwa mshonaji, na tangu akiwa mdogo alikuwa na tabia iliyowatia watu wasiwasi, ya kukitazama kitu kimoja muda mrefu bila kukigusa, kwani mtoto anayekodolea macho kopo tupu namna ile ama ana njaa ama ana mpango, mama akadhani ni njaa, mimi nikadhani ni mpango.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akaendelea na sekondari na kumaliza kidato cha nne mwaka 1975, na ripoti zake zote zilisema ana akili lakini hatulii, maana mwandiko wake ulibadilika kila muhula, mara herufi zimenyooka, mara zimevimba matumbo, na mwalimu wa hesabu aliamini kabisa kwamba kazi za nyumbani anaandikiwa na watu tofauti. Kengele ya shule iliwahi kutoweka mwishoni mwa wiki, ikarudi Jumatatu mahali pake ikiwa na alama za makaa pembeni, hakuna aliyeshikwa, na mimi niliyekuwa nalala naye chumba kimoja nilimwona ana vidole vyeusi, nikanyamaza, lakini sikusahau.

Januari 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, akipanga herufi za madini ya risasi mstari kwa mstari, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1984, kisha akafungua karakana yake ya kuandika mabango jirani na mashine ya kusaga nafaka, akaifanya kazi hiyo hadi nguvu zilipomwishia. Hapo ndipo alipopata jina la Fundi Kivuli, kwa sababu ya namna yake ya kufanya kazi, ambayo nitaieleza vizuri, maana ndiyo iliyotuletea balaa lote.

Marehemu hakuwa akibuni herufi kichwani, alisema kichwani hakuna kitu ila herufi za watu wengine, yeye alizitafuta kwenye vitu vya nyumbani, akikiona kitu chenye umbo linalomvutia alikiondoa kimyakimya, akakipeleka karakana, akakiweka mbele ya taa, akabandika karatasi ukutani na kuchora kivuli chake, akikigeuza huku na huku mpaka kivuli kiwe herufi, halafu akakirudisha kitu pale alipokitoa, bila kuaga wakati wa kuchukua wala kushukuru wakati wa kurudisha. Kwa hiyo katika nyumba zetu mkasi ulitoweka ukarudi, ndala ya mguu mmoja ilitoweka ikarudi, kibanio cha nguo kikaondoka na kurejea kikinuka rangi, na familia ikagawanyika kati ya waliosema ni panya na waliosema ni yeye, mimi nikiwa wa kundi la pili tangu siku ya kwanza.

Jirani yake mwenye duka la misumari alimkuta siku moja akichora kivuli cha ufunguo wa duka hilo, na niwaulize nyinyi mlioko hapa, ukimkuta mtu anachora ufunguo wako ukutani, utafikiri anatafuta herufi? Jirani alipiga kelele, watu wakajaa, marehemu akaulizwa anataka kuiba nini, akajibu kwa utulivu kwamba anataka P, jibu ambalo halikumsaidia hata kidogo. Bango la duka lile lipo hadi leo, na P yake ina kichwa cha mviringo na meno mawili chini, jirani analipenda sana, lakini kufuli alibadilisha.

Mtauliza kwa nini hakuwa anasema. Aliwahi kusema, mara moja tu, mwaka 1979, alipomwambia mama yetu kwamba ile D nzuri aliyoichonga kwa ajili ya kalenda ya kiwanda ameitoa kwenye mpini wa jagi lake la maji, jagi kuukuu ambalo mpini wake ulikatika na baba akauunga kwa bati, ukawa mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Mama hakufurahi, aliona haya, alilia kwamba watu wote waliotundika kalenda ile wameona jagi lake bovu, na kesho yake akanunua jagi jipya la plastiki, akalitupa lile la zamani mahali ambapo hata marehemu alipokwenda kuchakura hakulipata, akarudi mikono mitupu na magoti machafu. Tangu siku ile alikula kiapo kwamba mwenye kitu haambiwi, kwa sababu akiambiwa atakirekebisha, na kikirekebishwa kimekufa.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na shemeji yangu, wakapanga chumba kimoja katika nyumba ya mama mmoja wa makamo nyuma ya soko, wakaishi hapo hadi walipopata kiwanja hiki tulipoketi, na wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza ni muuguzi, wa pili ni dereva wa lori, na wa tatu, binti, ni msanifu wa michoro kwa kompyuta, ambaye ndiye aliyeziingiza herufi za baba yake kwenye mashine na kila akimuuliza hii umeitoa wapi, baba yake alijibu, "Umekalia." Binti aliangalia kila kiti cha nyumba hii asipate kitu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mnalisubiri, msijifanye hamlisubiri. Miaka michache baada ya kuhamia hapa, marehemu aliandika bango la saluni iliyo kwenye kona, na S ya bango lile ilimsimamisha kila mpita njia, ilikuwa S yenye kiuno, imeegemea kidogo kana kwamba inamnong'oneza mtu, juu nyembamba, chini imejaa, na wanaume waliokaa pale kucheza bao walisema waziwazi kwamba hiyo si herufi, huyo ni mtu, na kwamba mtu hachori kiuno cha namna ile kwa kukisia. Shemeji alisikia. Kwanza alimshuku msusi wa saluni, lakini msusi, kwa heshima zake zote na namwona yuko hapa, hakuwa na umbo la S bali la herufi nyingine, naye alicheka mwenyewe aliposhukiwa. Ikabaki kwamba mwenye kiuno yuko mahali pengine.

Kisha ikajulikana kwamba marehemu, karibu kila mwezi, alikuwa akiondoka mchana bila kusema aendako, akirudi ana furaha na hana rangi mikononi, maana yake hakwenda kazini. Shemeji alimfuata siku moja kwa mbali, akamwona akiingia nyuma ya soko, katika ua wa ile nyumba waliyopanga zamani, na mwanamke mmoja, binti wa yule mama mwenye nyumba, ambaye sasa ndiye mmiliki, akamtolea kiti na glasi ya maji kama mtu aliyezoea, shemeji akageuka akarudi nyumbani, akapika, akanyamaza, na mwanamke mwenye sauti ile akinyamaza jua mambo ni mazito. Nilimuuliza kwa nini hakuuliza, akaniambia, "Nikiuliza atanijibu." Alinyamaza hivyo hadi nywele zikawa nyeupe, akimpakulia chakula mumewe kila siku, na kila alipolikaribia bango lenye herufi ile alivuka barabara.

Marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu mwanzoni mwa mwaka jana, madaktari wakasema ni mvuke wa rangi na vimiminika aliouvuta miaka yote, akalazwa mara kadhaa katika wodi ya wanaume, na hata pale wauguzi walilalamika kwamba kijiko kimepotea, nami sikuhitaji kuuliza, nilinyanyua mto. Alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Februari mwaka huu, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mkewe, ambaye hakutoa chozi.

Juzi, wakati fundi mwenzake marehemu alipokuja kuuliza aandike nini kwenye kibao cha kaburi, shemeji alisema mbele yetu wote, "Andika jina lake na tarehe. Mimi usiniandike, mpaka nijue naandikwa peke yangu au naandikwa pamoja na nani." Kibao kikaachwa na nafasi tupu. Hapo ndipo kurasa zangu za mwanzo zilipoishia, nilikuwa nimeandika sentensi moja zaidi, kwamba kaka yangu ameondoka na siri yake, nikaikata kwa kalamu leo.

Huu ndio ukurasa wa mwisho.

Asubuhi hii nilikuwa nimesimama mlangoni, kwa mazoea, na akaja mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa magazeti, nikamzuia, nikamuuliza yeye ni nani, akasema ni mwenye nyumba ya nyuma ya soko, nikamwambia afungue huo mzigo hapohapo, naye akafungua bila kubisha. Ndani kulikuwa na waya mnene wa dirisha, wenye kutu, umekatwa kwa msumeno juu na chini, umepinda. Akaeleza kwamba mwezi uliopita alikuwa akiweka madirisha ya vioo, marehemu alikuwa amemwomba tangu zamani kwamba siku akibadilisha dirisha la chumba kile asitupe waya huo, na kwamba yeye pia alimshuku marehemu miaka mingi, akidhani anaipeleleza nyumba ili aivunje, na kile kiti alikuwa akimtolea ili amkalishe mahali anapoweza kumwona. Mwishowe alimuuliza anatazama nini, na marehemu akajibu, "Waya huo aliupinda mke wangu. Nikichora nikiwa karakana haiji sawa, lazima nije niuone. Tafadhali usimwambie, atakuja kuunyoosha."

Mimi siamini mtu kwa sababu amebeba waya. Nilimwacha mlangoni na mpwa wangu dereva, nikauchukua waya hadi kwenye kona, nikaunyanyua mbele ya bango la saluni, nikafunga jicho moja, nikaona kiuno ni kile, kuegemea ni kule, na pale chini palipojaa ndipo palipogongwa na kitu kizito. Nikarudi nikaupeleka kwa shemeji bila kusema neno, kwa sababu nilitaka nione uso wake kabla hajaandaa la kusema.

Aliushika, akaupitishia vidole, akasema, "Huu si waya wangu huu?" Kisha akatueleza, kwa sauti ambayo majirani wa nyumba ya tatu wameisikia, kwamba katika mwezi wa kwanza wa ndoa yao kitasa cha chumba kile kilikwama asubuhi, yeye ndani, mumewe nje ameshachelewa kazini, naye hakutaka aondoke bila chakula chake, akachukua mchi akaugonga waya wa dirishani juu upande huu na chini upande ule mpaka bakuli likapita, marehemu akalipokea, akasimama pale akautazama ule waya muda mrefu, yeye akamfokea aondoke, akaenda. Alipofika hapo shemeji alilia, na alilia kweli, nasi tukamwacha alie, kwa sababu yalikuwa yamekaa ndani miaka mingi.

Nadhani sasa tunaweza kukisia na mengine. Binti amegundua kwamba Y ni kamba za ndala za mama yake. Mimi nimegundua kwamba alama ya kuuliza, ile aliyoitumia kila mahali, ni ndoano ya hanga ninayotundikia sare yangu ya ulinzi, iliyowahi kutoweka siku nzima, na nakiri kwamba kaka yangu alinifahamu vizuri kuliko nilivyofikiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, na kijiko chenu kimesafishwa, kiko kwangu. Tunawashukuru mafundi wenzake walioifunga karakana na kukesha nasi, tunawashukuru majirani, mwenye duka la misumari akiwemo, pamoja na msusi aliyevumilia, na kwa namna ya pekee tunamshukuru yule mama mwenye kitambaa cha kijani kule nyuma, naomba asimame mumwone, na wale mnaogeuka kumtazama kwa jicho lenu la zamani, muache.

Kibao cha kaburi kimejazwa saa moja iliyopita, rangi haijakauka, msikiguse. Chini ya jina lake pameandikwa "Mume wa Sauti," na S ni ile. Waya utabaki kwa shemeji, ameshautundika ukutani juu ya kitanda, na kwa niaba ya marehemu namwomba mbele yenu nyote asiunyooshe.

Kaka, nimekupekua maisha yangu yote, leo nimefika chini ya mfuko na sikukuta kitu kilichoibwa. Pita. Kapumzike kwa amani.