Fundi Tugiyo na Honi ya Mheshimiwa Kijani

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulala chali chini ya dashibodi za watu, Pak Tugiyo, fundi umeme wa gereji yetu ya Ngudi Slamet hapa Solo, anastaafu rasmi leo Jumamosi, tarehe thelathini Agosti. Tunasema rasmi kwa sababu alishastaafu mara moja mwezi wa Mei. Tulikula wali wa manjano, tukapiga picha, wenye machozi wakalia. Jumatatu yake mzee akarudi kazini kana kwamba hakuna aliyekula kitu. Sababu itaelezwa humu bila kufichwa. Koh Gwan, mwenye gereji, alitaka kurasa hizi ziandikwe na msema kweli mwenye mwandiko mzuri na sura ya kuvutia, na katika gereji nzima mtu huyo alipatikana mmoja tu, upande wa breki.

Pak Tugiyo alikuja mjini kutoka Wonogiri akiwa kijana, akaanzia kwenye kuchaji betri, wakati ule betri zikiwa nzito kumshinda yeye. Polepole akahamia kwenye waya, na huko ndiko alikopata jina. Anaogopwa na magari mazee kote Solo. Taa iliyokufa moja kwa moja hata mpwa wako ataitengeneza. Hiyo si kazi ya kumwandikia mtu wasifu. Kazi ya Pak Tugiyo ni ile hitilafu inayoshika na kuachia, ile inayolizima gari katikati ya makutano na kulifufua mara tu linapomwona fundi. Wateja wa namna hiyo tunawajua kwa jasho lao.

"Jamani, asubuhi lilikuwa halitaki kuwaka kabisa!"

"Mbona sasa linawaka, Pak?"

"Linawaka kwa sababu limekuona wewe!"

Hapo sisi wa breki tulikuwa tunacheka. Pak Tugiyo hakucheka. Siku ya kwanza alikuwa hafungui kitu. Anaingia garini na glasi yake ya chai nzito ya yasmini, yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, anafunga milango, anakaa. Ukimuuliza anafanya nini, anajibu, "Nakunywa chai na mgonjwa." Siku ya pili ndiyo anatoa taa yake ya kupimia na kile kikuna mgongo chake cha pembe ya nyati, anaanza kugonga waya mmoja mmoja, taratibu, kama daktari anayetafuta mbavu iliyovunjika. Kikuna mgongo hicho hufanya kazi zote mbili. Siku zingine tulikuwa hatujui kama anatafuta shoti au anajikuna.

Mfano mmoja wa ustadi wake haufai kusahaulika. Palikuwa na mfanyabiashara wa batiki ambaye gari lake lilikuwa linazima kila anapompakia mkewe. Akiwa peke yake, linakwenda kama maji. Mke akaja naye gereji, uso umemvimba.

"Gari hili lina mwanamke mwingine," alisema. "Linamtaka huyo, mimi linanikataa."

"Mama wee, mwanamke gani atapanda bovu hili?" mume akajitetea.

Pak Tugiyo akamwomba mama akae. Gari likazima. Akamwomba ashuke. Likawaka. Chini ya kiti kile, chemchemi ilikuwa imelegea, na kila mama alipoketi ilikuwa inaukandamiza waya uliochubuka. Sasa semeni nyinyi, mngemwambiaje mama yule? Wa breki mmoja alikuwa ameshafungua mdomo, bahati nzuri Pak Tugiyo akamkanyaga mguu. "Bu," akasema, "kiti hiki kimezeeka, hakina adabu tena. Hakiwezi kumbeba mtu wa maana." Mama akamletea sarong ya batiki ya daraja la kwanza, ndiyo ile anayoivaa kila Ijumaa mpaka leo.

Turudi kwenye kustaafu mara mbili.

Bu Retnaningsih, mjane wa mwalimu wa muziki wa gamelani, ana gari la kijani la mwaka themanini na tatu. Marehemu mume wake alilipa jina na cheo, kama yanavyopewa majambia ya ukoo: Kyai Ijo, yaani Mheshimiwa Kijani. Tangu mwaka jana Mheshimiwa alikuwa amepata tabia ya kupiga honi mwenyewe. Liko kwenye taa za barabarani, limetulia, ghafla: piiii! Anayepigiwa yuko mbele kwenye pikipiki, anageuka na matusi, anamkuta bibi mwenye mvi anatabasamu kwa aibu. Siku moja lilipiga honi nyuma ya jeneza la kiongozi wa mtaa, kuanzia nyumbani hadi makaburini, watu wakidhani ni fujo za wapinzani wake.

Likiletwa gereji, kimya. Halina hatia, limekauka, linang'aa. Na ndani linanukia yasmini.

Kwetu, honi inayojipigia na harufu ya yasmini ambayo haina mwenyewe ni mambo mawili ya mizimu, yasiyohitaji fundi. Wa rangi akakataa kulisogelea. Wa matairi akasema yeye ana watoto. Wa breki, ambaye si mwoga hata kidogo, siku ile alikumbuka ana shughuli mahali pengine.

"Nyinyi watu!" Pak Tugiyo alicheka, akainua glasi yake. "Yasmini si hii hapa? Mnaikimbia chai yangu?"

Tukainusa. Kweli, chai ilikuwa mkononi mwake, tena inanukia.

Akasafisha kutu ya kijani kwenye rilei, ile swichi ndogo ya honi, akabadilisha fyuzi, akapuliza vijani vyeusi vilivyokauka juu ya kisanduku cha fyuzi, akavilaani kwa kuwa vya chai yake mwenyewe. Gari likarudi kwa Bu Retna. Baada ya siku chache: piiii! Akabadilisha rilei. Piiii! Akabadilisha kisanduku kizima. Mheshimiwa akampigia honi imamu.

Ndipo ikafika Mei, tukala ule wali wa manjano. Jumatatu dereva wa Bu Retna akaleta gari. Pak Tugiyo, aliyekuja tu kuchukua kikuna mgongo chake, akalitazama. "Siondoki hapa," akasema, "nikiacha gari moja linanicheka." Akavaa tena nguo za kazi.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Mke wake, Bu Sarmi, alikuwa ameshafunga mizigo ya kurudi Wonogiri, ambako binti yao ana mimba ya mjukuu wao wa kwanza. Juni ikapita, Julai ikapita, mizigo imefungwa na mzee anabadilisha rilei. Mwanzoni mwa mwezi huu Bu Sarmi akaja gereji mwenyewe. Tulizima mashine zote ili tusikie vizuri.

"Mwanangu anajifungua mwisho wa mwezi," alisema. "Nimeshika viti viwili kwenye basi la Jumapili ya tarehe thelathini na moja. Kimoja changu."

"Na kingine, Bu?" akauliza Pak Tugiyo kwa unyenyekevu ambao magari hayajawahi kuuona.

"Wewe, au kuku. Nani atakikalia, amua mwenyewe. Mjukuu atamzoea yeyote atakayemwona kwanza."

Akaondoka. Pak Tugiyo akasimama na taa yake ya kupimia mkononi, haijui pa kugusa. Hatukumtania. Kwa kweli tulimtania, lakini kidogo.

Lilikuwa kosa lake kutafuta ugonjwa gereji, wakati gari gereji huja limepona. Hilo alilisema mwenyewe. Akalitengeneza mara nyingine, kisha safari hii hakumwachia dereva: akalirudisha kwa mkono wake hadi nyumbani kwa Bu Retna, na wa breki akamfuata kwa pikipiki ili awe na namna ya kurudi.

Bu Retna akatukaribisha uani. Akaleta mihogo ya kukaanga na, kwa sababu Pak Tugiyo alikuwa na kikohozi, badala ya chai akamletea maji ya tangawizi. Kumbukeni tangawizi hiyo. Pak Tugiyo akaingia garini alisogeze kivulini, glasi mkononi kama kawaida, akafunga mlango. Akakaa. Akakaa sana. Akainusa glasi. Akanusa dashibodi. Akainusa glasi tena.

"Gendon," akaniita, "hii ni nini?"

"Tangawizi, Pak."

"Na inayonukia yasmini ni nini?"

Sijui nilifikaje, lakini nilikuwa tayari karibu na pikipiki. Basi Bu Retna akatoka jikoni na bakuli kubwa la shaba limejaa maji, yasmini na waridi vikielea juu.

"Ngoja kwanza nimshukuru," akasema. "Kila akirudi kutoka kwenu mzima, namwosha. Marehemu alikuwa anaosha majambia, na huyu pia ni urithi." Akainama juu ya boneti na kumwaga maji yote chini ya kioo cha mbele, pale penye matundu ya hewa, kwa moyo wote, hata maua.

Pak Tugiyo akashuka garini. Akaja kuketi. Akamaliza mhogo, akamaliza tangawizi, akaomba nyingine, macho hayabanduki kwenye gari. Maji yalikuwa yanashuka njia yao, tone kwa tone, kupitia mpira uliopasuka, mpaka juu ya kisanduku cha fyuzi. Mwaka mzima mzee wa watu alikuwa anapuliza maua ya shukrani akidhani ni majani ya chai yake.

Piiiiiii!

Kuku wa Bu Retna wakapanda ukuta. Pak Tugiyo akacheka hadi akaegemea nguzo, akakohoa, akacheka tena. Bu Retna peke yake hakucheka. Aliliweka bakuli chini polepole.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Kila ukimponya, namtia ugonjwa."

Hapo mzee akaacha kucheka. Wa breki angemwambia ndiyo na kuomba mhogo mwingine, lakini ndiyo maana wa breki haandikiwi wasifu.

"Si wewe, Bu," akasema Pak Tugiyo. "Ni shukrani yako. Imezidi uwezo wa fyuzi." Kisha akavuta kiti karibu. "Nikuulize. Siku ya harusi yako, kwa mila zetu, ulimwosha marehemu wapi kwa maji ya maua?"

"Miguu."

"Si uso?"

"Uso? Ningemwosha uso angenikimbia!" Bu Retna akaanza kucheka kabla hajamaliza.

"Basi na huyu Mheshimiwa mwoshe miguu. Anayo minne."

Pak Tugiyo akabadilisha ule mpira, akakata kopo la biskuti akatengeneza mfereji mdogo juu ya kisanduku cha fyuzi, asiache jambo mikononi mwa bahati. Kisha akamwomba Bu Retna amwage bakuli lingine palepale pa zamani, makusudi, na bakuli la tatu kwenye matairi. Tukakaa tukisubiri, sote watatu, kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kuku wakashuka ukutani. Gari likanyamaza. Jua likalikausha, likanyamaza. Bu Retna akaliendesha mpaka msikitini na kurudi, akampita imamu mlangoni, likanyamaza.

Pak Tugiyo akampigia simu mkewe. Alisema maneno machache sana: "Kuku utampakata."

Kwa hiyo kesho, Jumapili, Wonogiri wanapata babu, na sisi tunabaki na waya zetu. Kwa niaba ya gereji nzima tunakushukuru, Pak Tugiyo, kwa magari uliyoyaponya, kwa miguu yetu uliyoikanyaga kabla hatujasema ujinga, na kwa kutufundisha kwamba ugonjwa usiokuja gereji hufuatwa kwao. Nenda salama, ulee mjukuu, ukae garini na chai yako pasipo na kitu kilichoharibika. Kikuna mgongo tuachie. Utakuwa na mke wa kukukuna.

Bado jambo moja dogo. Bu Retna anasema bado ana shukrani nyingi, na kwenye matairi hazikuisha. Tumejadiliana naye tukapata mahali pasipo na fyuzi, rilei wala waya uliochubuka. Kwa hiyo, Pak, kama umefika mstari huu, maliza kusoma taratibu, shikilia kofia yako, wala usigeuke: yuko nyuma yako na bakuli.

Gendon, upande wa breki