Damu ya Sofa Ilikuwa Inaenda Wapi

Benchi letu limeegemea ukuta wa gereji ya baiskeli, na asubuhi ile tulikuwa watatu na birika la kahawa: Spana mwenye gereji, Redio muuza magazeti, na mimi mshona mikoba. Wa nne wetu, fundi makochi tunayemwita Sofa, alifika akijikokota, midomo imempauka, akaketi bila kumtania mtu. Hapo tukajua mambo si mambo.

Alisema kichwa kinamzunguka, na tangu juzi choo chake ni cheusi kama lami. Redio akadai ni kahawa. Ukiinywa miaka yote hiyo lazima itokee mahali. Spana akasema hapana, ni gundi ya makochi, ilimpanda kichwani na sasa inashuka. Redio hakukubali kushindwa, akaleta habari za minyoo inayonyonya damu kwa zamu. Sofa mwenyewe alicheka, huku ameegemea ukuta.

Mama mmoja alikuwa amesimama pembeni, anangoja tairi la baiskeli yake lizibwe.

— Huyu mwenzenu anatumia dawa gani?

Tulijua timu yake, tulijua ugomvi wake na mwenye nyumba, lakini hilo hatukulijua. Sofa akajibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba anameza vidonge vya kuzuia damu kuganda tangu mguu ulipomvimba mwaka jana. Na wiki hii mgongo ulimsumbua, akajinunulia na vya maumivu.

— Baba yangu alichanganya hivyohivyo, mama akasema. Huenda anavuja damu kwa ndani, ndiyo hiyo inayotoka nyeusi. Mpelekeni hospitali sasa hivi.

Vikombe tuliviacha vimejaa. Madaktari walikuta kidonda tumboni kinachovuja; wakakiziba, wakamwongezea damu, wakamkataza vile vya maumivu. Vya damu walivisimamisha kwanza, baadaye wakamrudishia huku wakimpima mara kwa mara.

Alirudi kijiweni na mkewe, uso umenawiri. Shemeji yetu alitaka kujua nani kati yetu aliyegundua, amshukuru. Redio akakohoa. Spana akainamia mnyororo ambao haukuwa na tatizo. Ikabidi mimi niseme ni mama mmoja, mteja wa tairi.

— Anaitwa nani?

Hakuna aliyejua. Sofa akaangua kicheko mpaka akajishika tumbo, mkewe naye akacheka, akajibanza kwenye benchi katikati yetu. Kahawa ikaisha, na hakuna aliyenyanyuka.