Jasusi wa Kike wa Daraja la Joinville

Kila Jumapili baada ya chakula, wasikilizaji wapendwa, Honorine Courtial alimmenyea mumewe peasi, huku televisheni ikionyesha zile filamu za zamani za majasusi wa kuchekesha. Jumapili moja ya mwaka 1974, kisu kikasimama. Anselme alikuwa amekatisha kicheko ghafla. Kwenye kioo, jasusi wa kike mwenye nywele za dhahabu alikuwa akiruka kutoka Daraja la Joinville na kutumbukia katika mto Marne, akiwa na kuku wa kuokwa kwapani, siri za taifa ndani ya kuku.

“Unamjua huyo mwanamke?” akauliza Honorine.

“Kidogo,” akajibu Anselme, masikio yamekuwa mekundu.

Huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Anselme Courtial, mtu wa kuanguka. Waigizaji wa filamu walipotakiwa kuanguka, yeye ndiye aliyeanguka badala yao. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka themanini na sita. Filamu zile alizipenda mno. “Jasusi wetu anavaa koti la mvua juani,” alizoea kusema, “anamfuata mtu siye, na bado anawahi chakula nyumbani.”

Lakini tangu Jumapili ile Honorine hakucheka tena. Alipekua mifuko. Alinusa kola za mashati. Mwishowe, juu ya kabati, akakuta boksi lenye nywele za bandia za dhahabu na viatu vya kike. Akamwita mdogo wake, Solange.

“Namba arobaini na tatu!” Solange akapiga mluzi, akigeuza kiatu. “Dada, huyu si hawara, huyu ni askari.”

“Usinitanie. Nimeshafunga sanduku. Naondoka.”

Anselme akaingia, akaliona sanduku mlangoni. Akavaa nywele. Akavaa viatu. Vikamkaa sawasawa.

“Mwigizaji wa kike aliogopa maji, nikavalishwa mimi,” akasema. “Wenzangu waliniita Bibi Kuku mwaka mzima. Nilitaka dunia nzima inicheke, Honorine, isipokuwa wewe.”

Honorine alicheka hadi akakaa sakafuni. Sanduku likafunguliwa. Ila kilichokuwa kikimuuma hasa hakukisema. Miaka hamsini, hakukisema.

Tunawapa pole Honorine, Solange, na wote waliowahi kumcheka Anselme bila kumjua. Nasi tujiulize: yule tunayemshuku, tumeshamwambia tunachokihofia?

Jana makaburini, kabla jeneza halijashushwa, Honorine aliliinamia.

“Mzee wangu, sikuwa na hasira siku ile,” akasema kwa sauti, watu wote wakasikia. “Niliogopa utaniacha.”