Kuvu Iliyokataa Kumwachilia Perez Adongo

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bi. Perez Adongo, fundi wa maabara ya kuvu katika kituo chetu cha utafiti hapa Kisumu, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba alistaafu pia mwaka juzi, na tena mwaka jana. Mara zote mbili ni mimi niliyeandika wasifu wake, na mara zote mbili tulikula, tukacheza, tukampa zawadi, kisha tukamrudisha kazini. Huu ni wasifu wa tatu. Afya yangu hainiruhusu kuahidi wa nne, kwa hiyo nitaeleza yote, hata nisiyoyaelewa, ambayo ndiyo mengi.

Perez aliajiriwa kuosha vyombo vya kioo, nami nikiwa mkuu wa kituo. Siku hizo wakulima wa Seme walikuwa wakilia na fukusi, yule mbawakawa mdogo anayetoboa kiazi kitamu hadi kinakuwa kichungu hata nguruwe hakitaki. Tulikuwa tumepata kuvu inayomshika fukusi, ikaota mwilini mwake, ikamuua na kumwacha mweupe kama aliyeangukia unga. Kazi ilikuwa kuizalisha. Mchele unachemshwa kwa mvuke ndani ya mifuko, unatiwa kuvu, unaachwa mpaka uwe mweupe. Vumbi lake linachanganywa na maji, na mashina ya viazi yanachovywa humo kabla ya kupandwa. Haikuchukua muda Perez akaliacha sinki, akawa ndiye mzalishaji wetu.

Vituko havikukosekana. Tulipokuwa tukijaribu mitego, alisahau mfukoni kipande cha mpira chenye harufu ya fukusi jike, akaenda nacho kwenye harambee ya kanisa karibu na mashamba ya Kombewa. Kabla ya sadaka kukusanywa, madume ya fukusi yalikuwa yamepanda koti lake hadi mabegani. Mama mmoja aliyeketi nyuma yake akamnong'oneza, akasikika na kanisa zima: "Dada, wanaume wa huku wamekupenda, lakini wote ni wafupi!" Perez alicheka hadi mchungaji akasimamisha mahubiri. Koti hilo hakulivaa tena Jumapili.

Sasa nije kwenye jambo linalonitatiza. Perez alipostaafu mwaka juzi, kijana wetu Enos Ochieng, mwenye shahada na adabu, aliachiwa maabara. Alifuata kila hatua aliyofundishwa. Mifuko yake ilikuwa myeupe, mizuri kuliko hata ya Perez. Lakini shambani fukusi waliibeba kuvu ile mgongoni kama poda na kuendelea kula. Akaitwa Perez. Akazalisha yake, kwa mchele uleule, fukusi wakafa. Mwaka jana ikawa vivyo hivyo. Tulimweka Perez mbele ya watu wote, akafanya kazi huku tukimtazama, na hakuna aliyeona alichokifanya ambacho Enos hakufanya. Alipoulizwa siri yake alijibu, "Mzee, kama ningekuwa nayo ningewauzia, niende nyumbani."

Kwenda nyumbani kulikuwa si mzaha. Mama yake mzazi anaishi peke yake Sondu, haoni vizuri, na kila Jumapili alimpigia simu: "Hao wadudu wamekuoa? Walete basi mahari." Perez alitaka kwenda. Lakini wakulima walitegemea mashina yaliyochovywa, na hakuweza kuwaacha na kuvu isiyoua.

Hapa lazima niungame. Katika sherehe ya kwanza nilisema kwa utani kwamba kuvu yetu inaujua mkono wa Perez. Watu walicheka. Mwenye shahada ya kuvu ni mimi, na ilinipasa kutafuta sababu. Badala yake, mambo yalipoharibika tena mwaka jana, nilikuwa wa kwanza kusema, "Mpigieni Perez." Nilikuwa nimeuamini utani wangu mwenyewe. Hata leo sina hakika kama nimeacha.

Mwezi wa tatu mwaka huu mama yake alianguka akavunjika nyonga. Perez aliondoka siku hiyohiyo, Enos akabaki peke yake msimu wa kupanda ukiwa mlangoni. Alizalisha, akachovya, akapanda katika shamba la Mama Jacinta, mkulima wetu wa miaka mingi kule Kombewa.

Mwezi uliopita Perez alirudi, tukaenda sote kuangalia. Mimi nilisaidiwa kufika hadi ukingo wa shamba. Mama Jacinta alifunua majani chini ya tuta, na hapo walilala fukusi, weupe, wamekufa. Perez alichuchumaa, akamgeuzageuza mmoja kiganjani.

"Huyu si wangu," alisema.

"Ni wangu, Mama," Enos akajibu, kama anayeomba msamaha.

"Ulifanya nini?"

"Vile ulivyonifundisha."

"Lakini hata mwaka jana ulifanya vile nilivyokufundisha!"

"Ndiyo, Mama. Hata mimi nashangaa."

Enos anadhani kosa lilikuwa kufungua mifuko kila mara amwonyeshe Perez, ambaye hata alipostaafu alikuwa akipita maabara, na safari hii hakuwa na wa kumwonyesha. Lakini Perez pia hufungua yake. Perez anasema ni mvua. Mwaka jana ilinyesha vilevile. Mama Jacinta anasema alifunga na kuomba, na hilo sijui nilipime kwa chombo gani. Nimekaa na maelezo haya wiki nzima. Kila moja linasimama hadi nilisukume kidogo.

"Kwa hivyo naweza kwenda," Perez alisema pale shambani. Hatukujua kama anauliza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa mlango akiwa bado anaubisha. Enos alitazama chini. Mama Jacinta ndiye aliyemshika mkono akamwinua: "Nenda, binti wa Sondu, kabla wasomi hawajabadili mawazo."

Perez, tunakushukuru kwa viazi ambavyo familia nyingi zimekula bila kujua jina lako, kwa vijana uliowafundisha, na kwa kicheko chako kilichotutangulia kila asubuhi kwenye korido. Mimi sijui kwa nini kuvu ya Enos imeua. Wewe hujui, naye hajui. Huenda mwakani ikagoma tena. Tutahangaika wenyewe, kama watu wazima. Kaa na mama yako. Simu ya kituo ikilia, usiipokee, hata ukiambiwa ni mimi. Siku zako za nyumbani ziwe nyingi na tamu.

Dkt. Joram Opondo
Mkuu wa kituo, mstaafu