Nahodha Ndevu Kavu Akwama kwa Karani

Benchi letu liko ubavuni mwa kinyozi, penye kivuli tangu asubuhi mpaka saa saba. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na mtu akiinuka bila kuaga, wa upande wa pili anakwenda chini. Mimi ndiye mwenye birika. Nauza kahawa, nasikiliza, na sichangii mpaka mtu aseme upuuzi uliopita kiasi. Kwa maneno mengine, nachangia kila siku. Wenyeji wa benchi ni wawili. Wa kwanza ni Wakili, mchonga funguo, ambaye mahakamani aliingia siku moja tu, tena kama shahidi, akatolewa nje kwa kubishana na hakimu. Wa pili ni Nusu Saa, fundi umeme, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndio muda anaowaahidi wateja, nao humngoja siku mbili. Duka la kunyolea ni la Mkasi, mtu wa maneno machache. Sasa, siku hiyo binti yake Mkasi, tunayemwita Injinia, alikuja na kompyuta kaikumbatia kifuani kama mtu anayempeleka mtoto hospitali.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?

— Nina shida na ninyi. Nimetengeneza mchezo wa kompyuta, nataka wajaribu watu ambao hawajauona. Tena watu wenye muda.

— Muda? Wakili akajiweka sawa. Umefika kiwandani.

Injinia akacheka, lakini macho hayakucheka. Kesho yake saa sita mchana alitakiwa kuupeleka mchezo huo kwa watu fulani, ambao wangechagua watengenezaji watano tu, wawafundishe mwaka mzima na kuwapa kazi. Asipochaguliwa, shangazi yake ameshamtafutia nafasi ya mapokezi kwenye duka la vigae, aanze Jumatatu. Mkasi alishakubali. Aliniambia mwenyewe, akinywa kahawa yangu: "Mtoto kasoma miaka minne, halafu kutwa anachora kasuku." Mchezo wenyewe hakuwahi kuutazama. Hata sasa alikuwa ndani, mashine ya kunyolea inanguruma, mlango wazi.

Injinia akaiweka kompyuta na kipanya chake katikati ya benchi. Kwenye kioo palikuwa na gati, na gatini meli nene kama chungu, imefungwa mnyororo. Mbele yake amesimama haramia mwenye ndevu mpaka magotini, mguu mmoja wa mbao, kasuku begani.

— Huyu ni Nahodha Ndevu Kavu, akasema. Ni haramia, ila anaogopa kulowa.

— Haramia anaogopa maji! Nusu Saa akapiga paja.

— Na wewe fundi umeme unaogopa ngazi, nikamwambia. Kunywa kahawa.

— Kazi yenu ni kuing'oa meli hapa gatini. Mnabofya kitu kwenye mfuko wake, kisha mnabofya pale mnapotaka kukitumia. Hakuna kukimbizwa, hakuna kufa. Ni kufikiri tu.

— Hapo ndipo ulipotuonea, nikasema.

Mfukoni mwa nahodha mlikuwa na upanga, tarumbeta, samaki mkavu na mguu wa mbao wa akiba. Kando ya mnyororo alikaa karani wa bandari, mtu mnene mwenye nyusi kama brashi mbili za viatu, mhuri mkononi. Wakili akakidaka kipanya, akambofya. Maneno yakatokea chini ya kioo, nami nikayasoma kwa sauti.

— "Njoo kesho."

Akambofya tena.

— "Njoo kesho."

— Mchezo huu una ukweli, Wakili akasema kwa heshima.

— Mpe samaki, Nusu Saa akasema. Mkono mtupu haulambwi.

— Si kwa sababu hiyo! Wakili akadakia. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu ameshakauka, hakunjiki, kwa hiyo hana kazi nyingine ila kupewa karani.

Wakampa. Nikasoma:

— "Samaki huyu hana kitambulisho. Njoo naye kesho."

Nusu Saa akanyang'anya kipanya.

— Tarumbeta! Mpulizie sikioni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Inahusiana vipi?

— Kama alilelewa kwa kelele, atasikia.

Tarumbeta likalia mpaka kahawa ikatikisika. Karani akajibu: "Malalamiko ya sauti ni dirisha la tatu." Dirisha la tatu kweli lilikuwepo, lakini lilikuwa limechorwa tu ukutani kwa rangi. Wakili alilibofya dakika kumi nzima. Alisema analijua dirisha hilo, amewahi kulipangia foleni.

Kisha wakatoa upanga, wakabofya kifua cha karani. Safari hii alijibu nahodha mwenyewe: "Mimi ni haramia, si mhuni." Kasuku begani akasema neno lake pekee alilokuwa nalo: "Pole."

Injinia alikuwa na daftari, anaandika kila walichofanya. Alijizuia kusaidia mpaka akawa anang'ata kalamu.

— Nimeshaelewa, Nusu Saa akasema. Karani huyu ni baba yake nahodha. Tazama pua. Walipotezana utotoni, na mzee hataki mwanawe aondoke tena.

— Pua zote za kuchora zinafanana, Wakili akasema. Karani huyu ni marehemu.

— Marehemu anaongea?

— Alifariki kazini zamani. Hajaambiwa kwa sababu barua ya kumwarifu inatakiwa kupigwa mhuri, na mhuri anao yeye. Tukampe pole, ataiachia meli. Ndiyo maana kasuku anasema "Pole". Kasuku ni mfiwa!

— Kasuku ndiye mwenye bandari! Nusu Saa akasimama, ubao ukainama, Wakili akaenda chini. Tajiri hasemi sana. Mvishe tarumbeta kama kofia, karani atamtambua.

Wakamvisha. Kasuku akasema "Pole" kutoka ndani ya tarumbeta, na karani akasema njoo kesho.

— Basi, Wakili akasema akijifuta vumbi, hiyo si meli. Ni mke wa karani amegeuzwa meli. Mwanamume gani atamwachia haramia mkewe aondoke naye?

— Jamani, nikasema, nahodha wengi, chombo huenda mrama.

— Umesikia? Nusu Saa akamwambia Wakili. Hapa nahodha yuko mmoja, ndiyo maana chombo hakiendi kabisa! Waongezwe wawili.

Nikamtazama Injinia nicheke naye, nikakuta ameshafunga daftari. Akanisogelea kama anayetaka kikombe.

— Mama Birika, nimeufanya mgumu mno.

— Hawa usiwahesabu. Hawa hata mlango wa kusukuma wanauvuta.

— Ndio nilionao. Saa mbili nzima wamekwama. Wale wa kesho watajaribu dakika kumi, watazima. Akashusha sauti. Labda baba ana haki. Jumatatu niende tu kwenye vigae.

Nikammiminia kahawa ambayo najua haipendi, na akainywa. Ndipo nikagundua mashine ya kunyolea imenyamaza.

Mkasi alitoka, mkasi wake mkononi, nyuma yake mteja mwenye shuka shingoni, kichwa kimenyolewa nusu, anauliza kuna nini. Nilidhani amefuata kahawa. Akapita mbele yangu, akasimama nyuma ya Wakili, akainama kwenye kioo.

— Huyu haoni, akasema.

— Nani?

— Karani. Nani anamnyoa huyu? Mtu hawezi kusoma karatasi na nyusi hizo. Anasema njoo kesho kwa sababu haoni kilicholetwa.

— Sasa tufanyeje?

— Mnyoeni.

— Upanga tumeshajaribu, Wakili akasema.

— Mlimpeleka upanga kifuani. Kifuani kuna nini?

Akanyoosha mkono, Wakili akampa kipanya bila kubishana, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mkasi alikishika kwa vidole viwili, kidole cha mwisho amekiinua, kama anavyoshika wembe. Akabofya upanga, akabofya nyusi ya kushoto. Ikaanguka. Akabofya ya kulia. Ikaanguka. Karani akafumba macho, akafumbua, nami nikasoma nikipiga kelele:

— "Ala! Kumbe ni mchana! Kumbe hii ni meli!"

Mhuri ukashuka, mnyororo ukakatika, na kasuku akapata neno jipya: "Hongera!" Benchi zima likaruka. Mteja wa nusu kichwa alimkumbatia Nusu Saa, na hawajuani.

Mkasi hakuruka. Alimtazama binti yake.

— Hili la nyusi umelitoa wapi?

— Kwako. Yule mzee aliyeletwa na mwanawe, akimshika mkono, wanadhani macho yameharibika. Ukampunguza nyusi, akarudi nyumbani peke yake. Nilikuwa na miaka saba, nafagia nywele pale mlangoni.

— Ulikuwa unatazama?

— Kila siku, baba.

Mkasi akaufuta mkasi kwenye aproni. Ulikuwa safi, lakini aliufuta pande zote mbili, akaurudia tena. Kisha akamrudisha mteja ndani akammalizie.

Huku nje meli ikawa inatoka gatini polepole, Nahodha Ndevu Kavu amejifunika turubai asilowe. Ikafika ukingoni mwa kioo, ikapotea, na herufi kubwa zikaandika MWISHO. Wakili alikuwa ameshaanza kueleza kwamba nadharia ya nyusi ilikuwa yake tangu mwanzo, ila alikuwa anaiivisha.

Nyuma yetu alikuwa amesimama mwanamke mwenye koti la kazi na kitabu chenye kamba: msoma mita za maji. Mita ya Mkasi iko ukutani nyuma ya benchi, na alikuwa akingoja tusogee. Hatukujua amengoja tangu lini.

— Samahanini, akasema. Anakwenda wapi?

— Nani, dada?

— Huyo mwenye ndevu. Ametoka. Anakwenda wapi?

Wakili akampiga Nusu Saa kiwiko.

— Baharini, Nusu Saa akasema.

— Bahari ni njia. Nauliza anakokwenda.

Tukamgeukia Injinia. Akafungua daftari, akarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa: michoro ya mnyororo, ya samaki, ya dirisha la tatu, nyusi kurasa sita. Akafika kwenye jalada.

— Miezi minane nafikiria namna ya kumtoa, akasema. Kumtoa tu.

Watu wawili waliokuwa na majibu mpaka ya kasuku walitazama chini. Msoma mita akainama, akaandika namba zake, akafunga kitabu.

— Si neno, nilitaka kujua tu, akasema. Mwendelee vizuri.

Akaenda nyumba ya pili.

Injinia alibaki ameshika kifuniko cha kompyuta, hafungi, haachii. Mteja wa Mkasi akatoka, kichwa chote sasa kinang'aa. Nyuma yake akatoka Mkasi na kigoda. Akavuta pazia la mlango kufunga duka, saa tano ya asubuhi, na wateja wawili wanakuja kule mbele.

— Kesho saa ngapi? akauliza.

— Saa sita mchana. Lakini baba, Jumatatu shangazi amesema...

— Ya Jumatatu tutayaongea Jumatatu. Wakili, sogea.

Wakili akasogea. Mkasi akaketi karibu na binti yake, magoti yakigusana, akakitazama kioo kitupu.

— Kwao ni wapi, huyu?

— Sijui, baba.

— Ana mama?

— Sijawahi kufikiria.

— Basi andika, Mkasi akasema. Anaye. Na hajamwona siku nyingi.