Vidonge vya Macho na Sindano ya Kuazima

Mwaka 2016, mwanzoni mwa masika, niliketi ndani ya basi nyuma ya mama mshonaji aliyekuwa akienda hospitalini kufuta miadi ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Alimweleza jirani yake, mdarizi wa kofia, kwamba vidonge vya lishe vilikuwa vimekwisha kumponya.

"Umejuaje, dada?" aliuliza mdarizi, akikagua kichupa cha vidonge hivyo kama askari aliyekamata mali ya wizi.

"Natia uzi kwenye sindano mwenyewe, kaka! Juzi juzi nilikuwa napapasa tu."

"Na sindano hizo, nani hukununulia?"

"Mkwe wangu. Ndiye anayeniuzia vidonge pia."

Mdarizi alikohoa. Nami, nisiyependa kudukiza maneno ya watu, nilisogeza sikio.

"Sindano za magunia, zenye tundu kubwa, nazo huuzwa," alisema mdarizi, akichomoa yake nyembamba ukosini. "Nikuazime hii?"

"Lete, ewe mwenye shaka!"

Alilenga, akakosa. Akalamba uzi, akakosa tena. "Basi linatikisika mno," alilalamika.

Kituoni dereva alizima injini. Mama alilenga mara ya mwisho, kisha akamrudishia mdarizi sindano yake, bila uzi.