Shimo la Nguzo ya Nne

Zimeni hiyo redio, wanangu, mkaribie kitanda, maana sauti niliyobaki nayo ni ya kuongea na mtu aliye karibu tu. Kyule, wewe mkubwa, kaa hapo miguuni. Mbuvi, acha kusimama mlangoni kama mgeni. Mwongeli, binti yangu, keti na wewe, chai itachemka yenyewe. Nimechoka, na uchovu huu hauondoki kwa kulala. Kabla sijaenda nataka kusema habari ya ua wa shamba hili, kwa sababu mengine yote yatafuata huo ua.

Mbuzi ni wenu watatu, mgawane bila kelele. Sululu, karai na timazi ni vya Mbuvi, kwa vile ana mkono wa kazi. Kyule, wewe una duka lako Makindu, chukua Biblia yangu na lile koti. Jirani yetu Nzioka hatujasalimiana naye tangu punda wake walale ndani ya ndengu zangu. Mwambieni nimechoka kukasirika, na akija mazishini apewe kiti cha mbele.

Sasa ua. Mnajua wengi huku wanasimamisha mti kwenye kona, mchwa wanaula, seng'enge inauvuta, na kona ikilala ua wote unalala. Ndiyo maana kona zetu tatu tulizichimba mpaka shimo likanifika kifuani, tukapanga mawe makubwa ya mlimani, tukasimamisha chuma katikati, tukamwaga zege. Watu wakaja kutazama wakasema mzee amemaliza, kumbe zege likishamwagwa ndipo kazi inaanza, kwa sababu jua la hapa Kyuso hulikausha juu kabla halijashikana ndani, na lisiponyweshwa asubuhi na jioni linapasuka. Mafundi wa huku hulinyima maji kwa kuwa hata watu hawana ya kunywa, halafu siku ya kuvuta waya kona inavunjika wanabaki kulaumu simiti.

Ni nani aliyenywesha nguzo zetu? Ni Mwongeli. Alishuka mtoni na punda, akafukua mchanga mpaka maji yakatoka, akapanda nayo, akazifunika nguzo kwa magunia na kuyalowesha, na kuna siku aliacha sufuria yake kavu ili nguzo ipate. Nyinyi wawili mlikuwa na shughuli zenu, na kwa hilo siwalaumu.

Lakini juzi mliponitoa hospitali, Kyule, ulinilaza kiti cha nyuma ukidhani nimesinzia. Nilikuwa macho. Tulipopita upande wa chini nikaona udongo mwekundu umechimbuliwa na rundo la mawe kando yake, tena si mahali nilipopigilia kigingi changu cha kona ya nne. Mmechimba upande wa juu wa nyumba ya Mwongeli. Nimejenga nyua za watu tangu nikiwa kijana, naweza kuvuta waya kwa macho, na waya ukitoka nguzo ya tatu kwenda shimo lenu hilo, dada yenu na watoto wake wanabaki nje, huko barabarani na fisi. Mlikuwa mnangoja nizikwe ndipo mmwage zege. Nililia palepale kwenye gari, mkadhani ni maumivu ya tumbo.

Jana nilimuuliza Mbuvi akaniambia mwanamke aliyeolewa shamba lake liko kwa mume, na mbuzi wa mahari tulishakula. Ni kweli tulikula. Lakini Mwongeli alirudi hapa na mkono umevunjwa, na mimi ndiye niliyemwonyesha pa kujenga, nyinyi wenyewe mkishika kamba ya kupimia. Tena ana jina la mama yangu. Tangu azaliwe namwita Mwaitu, yaani mama, kama ilivyo kwetu Wakamba, na sielewi mtu anawezaje kumfungia mama nje ya ua halafu aende kulala.

Najua mnachoogopa saa hii. Mnaogopa nitawaachia kiumo, lile neno la mzazi anayekufa ambalo ukilivuka watoto wako wanaugua. Sitawaachia. Nimeona watu wakimwita mhubiri awaombee kiumo kiondoke, na wiki hiyohiyo wakauza shamba la baba yao. Sina nguvu ya kutisha mtu. Ninachotaka ni kazi.

Fukieni lile shimo leo, mlishindilie vizuri mtoto asije akavunjika mguu. Kisha chimbeni kwenye kigingi changu, kule chini, mkishapita choo cha Mwongeli. Mkikuta udongo laini endeleeni. Anzeni na mawe makubwa, na msiguse seng'enge mpaka zege likomae. Na maji ya nguzo hii Mwongeli asilete hata kopo. Mtaleta nyinyi.

Ngojeni... nipumue kidogo.

Mungu awape mvua ya kutosha ndengu. Awape watoto wanaotumwa wakaenda. Mzeeke hapa, mkiitana kwa majina, mkikopeshana chumvi. Sasa nipeni viganja niwatemee mate ya baraka, kama baba yangu alivyonifanyia.

Hapana. Mate hayaji. Mdomo umekauka kabisa.

Usiinuke, Mwongeli, hiyo chai siitaki. Kaa, mwaitu. Wewe umebeba ya kutosha... Kyule, Mbuvi, punda yuko nje, mitungi iko kando ya jiko. Shukeni mtoni. Maji mtakayoleta ni ya zege, lakini mnitilie kijiko kimoja hapa mdomoni kwanza, nipate cha kuwatemea. Nitajikaza kuwangoja.

Na mkinikuta nimeshalala... msikae kulia mkaacha maji yamwagike. Mpeni Mwongeli hicho kijiko cha maji. Nyosheni viganja mbele yake, nyote wawili, awabariki yeye.